Kamba-vunjajungu katika tangi la lita 60, hapa Lubumbashi

Juma lililopita mdogo wangu wa Kampemba alinipigia simu usiku: «Yaya, kamba amelala nje ya tundu lake. Hataki kula, hapigi kitu. Nimfanye nini?» Kabla ya kuuliza habari za joto au chumvi, nilimuuliza kama kuna shaba ndani ya tangi. Katika mji huu wa migodi ya shaba, hilo ndilo swali la kwanza.

Kamba-vunjajungu ni mnyama wa bahari aliyekunja mikono ya mbele kama vunjajungu wa shambani. Wako wanaochoma kama mkuki, na wako wanaopiga kama nyundo. Kwa tangi dogo chukua mpigaji mdogo, mfano Gonodactylus smithii. Odontodactylus scyllarus, yule mwenye rangi za tausi, mwache: hufika sentimita 18.

Hatua ya 1: tangi. Mimi napenda akriliki, ile plastiki ngumu angavu, kuliko kioo, kwa sababu mapigo yake yanaweza kupasua kioo. Weka kifuniko, mchanga, mawe, na kipande cha bomba la PVC kilichozibwa upande mmoja. Hicho ndicho chumba chake. Akae peke yake.

Hatua ya 2: maji. Hapa usiharakishe. Damu ya kamba hubeba oksijeni kwa himosianini, ambayo ndani yake mna shaba, kama yetu inavyotumia chuma. Basi mwili wake unaihitaji kidogo, lakini shaba iliyoyeyuka majini ikizidi kidogo tu inamuua, huku samaki wakiendelea kuogelea kama kawaida.

Wangu wa kwanza alikufa hivyo. Nilibadilisha maji mara 3 usiku mmoja. Amonia sifuri, nitriti sifuri, zile sumu zinazotokana na uchafu wa mnyama, nikalaumu chumvi. Asubuhi ndipo nikaona ukijani kwenye waya wa shaba wa umeme niliouchuna na kuufungia bomba la pampu, kidole kimoja juu ya maji. Matone ya chumvi yalikuwa yanaurukia, kisha yanadondoka tangini. Usiku kucha nilikuwa nabadilisha maji na sumu ikibaki palepale. Tangu siku ile nafunga kwa plastiki tu.

Pitisha maji ya bomba kwenye chujio la osmosisi, linalosukuma maji kupitia utando mwembamba, lenye risini (punje zinazonasa metali) mwishoni, na viungo vyake viwe vya plastiki. Vile vya rangi ya dhahabu ambavyo fundi bomba atakuuzia ni shaba iliyochanganywa na zinki. Nunua kipimo cha shaba hata kama ni ghali. Kisome sifuri kabla hujaweka mnyama. Tangi la mkono wa pili, uliza kama samaki wake waliwahi kutibiwa kwa dawa ya shaba. Mawe huinyonya na kuitoa polepole baadaye, kwa hiyo mimi mawe ya namna hiyo siyachukui hata ya bure. Usitie ndani msalaba wa shaba wa kizamani, wala malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, hata kama babu aliileta kutoka Kolwezi. Mdogo wangu alikuwa ameweka malakiti 2 nyuma ya pango, kwa uzuri wake. Tulizitoa, tukabadilisha nusu ya maji, tukaweka risini ya kunyonya metali na mkaa wa chujio.

Hatua ya 3: chumvi na joto. Tumia chumvi ya akwariamu, si ya jikoni. Uzito wa maji ukilinganisha na maji matamu uwe 1.025, joto nyuzi 24 hadi 27. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 hapa ni baridi kali, kipasha joto ni lazima. Acha tangi litembee, yaani pampu na chujio vifanye kazi, wiki 4 hadi 6 kabla ya mnyama kuingia.

Hatua ya 4: umeme. Weka tayari pampu 2 za hewa za batri, kwa saa ambazo umeme umekatika.

Hatua ya 5: chakula. Konokono na kaa wadogo wenye magamba, mara 2 au 3 kwa wiki. Nyama laini peke yake haimfai mpigaji, anahitaji kuvunja. Mpe kwa koleo refu, kamwe si kwa vidole.

Akiziba mlango wa tundu kwa vijiwe na kupotea siku nyingi, anajibandua gamba. Usimfukue: mwili wake bado laini, na nyundo mpya haijakomaa. Wa mdogo wangu amejifungia tangu Jumapili. Nimemwambia asiguse kitu, apime shaba kila asubuhi.