Usiulize kama itakatika: kuchagua kamba za mashua ndogo ya mashindano

Kijana akiingia dukani huku Ngamiani, Tanga, kununua kamba ya mashua, swali lake la kwanza karibu kila mara ni moja: "Hii haikatiki?" Muuzaji humjibu kwamba haikatiki, na husema kweli. Mashua ya mita 4 yenye watu wawili haina ubavu wa kukata kamba nzima ya milimita 6. Ila mashindano hatupotezi kwa kamba kukatika. Tunapoteza kwa kamba inayovutika kama mpira, inayoteleza kwenye meno ya kuishikia, au inayokwama ndani ya kapi upepo ukishakukuta.

Nimefunga kamba za mashua ndogo hapa Ras Kazone miaka 18. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa nahodha wa ngalawa, Mwambani. Baba alinikalisha kwenye demani, ile kamba ya kuvuta na kulegeza tanga, nikiwa na miaka tisa. Demani yenyewe ilikuwa kamba ya makumbi ya nazi, na siku ile ilinichubua viganja hata jioni nikashindwa kumega ugali. Tangu hapo kamba huwa naijaribu kwa mkono kwanza, mkono uliolowa maji ya chumvi, ndipo nasoma kilichoandikwa kwenye karatasi yake.

Nianze na mkonge, maana hapa ni Tanga na nitaulizwa. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mkonge huo ndio uliosomesha nusu ya ukoo wetu, nami nauheshimu. Funga nao mizigo, funga nao mbuzi. Usiupitishe kwenye kapi la mashua ya mashindano. Hunywa maji ukavimba, ukikauka unakuwa mgumu, na ukiachwa na unyevu unaoza kuanzia ndani usikoona.

Dukani utakuta zaidi kamba za aina tatu, na wauzaji wengi huziita zote naironi. Omba beseni la maji, uchovye kipande. Kikielea, hiyo ni plastiki ya polipropilini, zile za buluu na kijani za wavuvi. Nyepesi na rahisi, lakini jua letu huila mpaka inatoa unga mkononi. Kikizama, ni poliesta au naironi. Kuzitofautisha, funga mita 2 za kila moja kwenye boriti, ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, halafu pima tena. Naironi itashuka zaidi, uione kwa macho. Hiyo iache kwa nanga, kwa sababu nanga inataka kamba inayonyumbuka mawimbi yakivuta. Tanga la mashua linataka poliesta.

Ipo aina ya nne, Dyneema. Nayo huelea, maana ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo usiichanganye na plastiki ya wavuvi. Hii ni laini, yateleza kama imepakwa nta, na ukiivuta haiendi popote. Kipande changu cha kwanza nilipewa na baharia mgeni aliyetia nanga hapa ghubani, mita 12, nami nilikikatakata kwa uchungu kama mtu anayegawa nyama ya sikukuu.

Sasa wapi kila moja ikae. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kamba ninayoihangaikia kuliko zote ni ile inayobana bumu, ule mti wa chini wa tanga, usiinuke. Vijana wanaiita vangi. Kusi likivuma mwezi wa Julai, ukiwa umekizunguka kisiwa cha Toten na upepo unakuja kwa mikupuo, kila mkupuo hutaka kuliinua bumu. Kamba ikivutika hata sentimita 3, bumu linapanda, tanga linafunguka juu, na nguvu iliyokuwa ikisukuma mashua mbele inamwagika hewani. Mkupuo ukipita kamba inarudi. Ukiangalia unaona umeifunga vizuri, kumbe inapumua. Niliwahi kuwaona vijana wawili wakipitwa na mashua tatu kwa namna hiyo, nao wanalaumu tanga. Tanga lilikuwa jipya. Kamba ilikuwa naironi.

Angalia jinsi vangi inavyofanya kazi. Ina makapi kadhaa ya kuzidisha nguvu ya mkono. Kipande kifupi kilichofungwa karibu na bumu hubeba mzigo mkubwa, na mkia unaoushika wewe hubeba kile tu unachovuta. Kwa hiyo Dyneema ya milimita 4 iweke kwenye kile kipande kifupi, na mkia uwe poliesta yenye ganda la kusukwa, milimita 5 au 6. Ukiweka Dyneema tupu hadi mwisho, meno hayataishika na kiganja chako pia hakitaishika. Mita mbili za kamba ya ghali zinatosha.

Henza, kamba ya kupandishia tanga, nayo isivutike, maana tanga likishuka kidogo tu kutoka kileleni, mikunjo hutokea kwenye ukingo wa mbele. Dyneema kama unayo. Kama huna, poliesta ngumu.

Kamba ya kuvuta ukingo wa mbele wa tanga chini, kaningamu, imepewa jina la Briggs Cunningham, Mmarekani aliyeongoza mashua Columbia kwenye kombe la Amerika mwaka 1958. Ukiivuta, tumbo la tanga husogea mbele, jambo unalolihitaji upepo ukizidi. Poliesta ya milimita 5 inatosha.

Demani ni habari nyingine kabisa. Hapo usitupe pesa kwa Dyneema. Mkono wako haukai kimya kwenye demani, unavuta na kulegeza muda wote, kwa hiyo kuvutika kidogo hakukudhuru. Tafuta ulaini. Chagua poliesta ambayo ganda lake halimeremeti, lina manyoya kidogo, milimita 8 kwa kusi. Asubuhi za upepo mwanana mimi huweka ya 6, kwa sababu kamba nene iliyolowa inalivuta bumu chini kwa uzito wake tu. Urefu upime bumu likiwa limefunguliwa mpaka mwisho, kamba imepita makapi yote na imefika mkononi, kisha ongeza mita 1. Ikizidi hapo itakufunga miguu siku ya kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku.

Ukienda dukani beba kapi lako na yale meno ya kushikia kamba. Usione haya. Pitisha kamba, ilegeze, uone kama inakimbia yenyewe kwa uzito wake. Kisha ibane kwenye meno uning'inie nayo. Kamba nyembamba kuliko meno itateleza, nene itakataa kutoka unapoihitaji itoke. Nunua rangi tofauti kwa kila kazi, kwa sababu kwenye purukushani mwenzako ataelewa "legeza nyekundu!" kabla hajaelewa jina lolote.

Ncha za poliesta zichome kwa moto, uzifunge kwa uzi. Dyneema usitegemee moto, huyeyuka mapema na ncha haishikani, ishone. Fundo la kitanzi la kawaida huteleza ndani yake, hivyo acha mkia mrefu, au jifunze kuisuka irudi ndani yake yenyewe.

Jioni suuza zote kwa maji baridi ya bomba, bila sabuni kali, uzianike kivulini. Kila baada ya miezi miwili mimi huigeuza demani, ncha ya mkononi iende kwenye bumu, ili ule mkunjo unaosuguliwa na kapi uhame kabla ganda halijachanika.