Mba, utangotango na masikio ya mbwa: somo la fangasi wa ngozi

Wadau wa Arusha na Moshi, maswali ya mabaka mgongoni yamekua mengi, twende hatua kwa hatua.

Kuna fangasi anaitwa Malassezia, ni chachu kama hamira ya maandazi, ila huyu anaishi kwa mafuta ya ngozi. Karibu kila mtu mzima anae, hata wewe unaesoma apa, kwahiyo usilaumu helmeti ya boda kwamba imekuambukiza, jasho na joto ndo vinampa nafasi azaliane kupita kiasi.

HATUA 1: Tambua. Ungaunga kichwani na muwasho ni mba. Mabaka yaliyopauka kifuani au mgongoni, ukikwaruza na kucha yanatoa vumbi laini, ni utangotango. Mapunye na mashilingi ni fangasi wengine kabisa. Alafu sikiliza hii, baka lililopauka ambalo ukiligusa husikii, usijitibu, nenda kacheki ukoma. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha ngozi, RDTC, tangu 1992.

HATUA 2: Acha kumlisha. Maabara wakitaka kumwotesha wanamwekea mafuta, hata ya mzeituni anakula, sasa wewe unaona mba unapaka mafuta mengi "ilainike", unategemea nini?

HATUA 3: Dawa. Shampuu ya ketokonazo asilimia 2, piga povu, iache dakika 5, suuza. Mba mara mbili kwa wiki, wiki 2 mpaka 4. Utangotango kila siku, siku 5. Vidonge vya ketokonazo achana navyo, 2013 Ulaya waliviondoa kwenye matibabu ya fangasi na Marekani wakaonya, vinaumiza ini.

HATUA 4: Mbwa. Nae anapata fangasi wa jamii hii ya Malassezia. Sikio linanuka, nta ya kahawia, analamba miguu muda wote. Daktari wa mifugo anabandika selotepu kwenye ngozi, anaipaka rangi, anaangalia kwa hadubini, fangasi wanaonekana kama karanga zenye maganda. Usimwagie chochote sikioni kabla hajaangalia ngoma ya sikio. Na mara nyingi chanzo ni mzio, viroboto wakiwemo, usipotibu chanzo inarudi tu.

MASWALI

Mdau wa Njiro: Nimemaliza dawa, mabaka bado yapo, nirudie?
Jibu: Vumbi likiisha fangasi kaisha. Rangi inachukua wiki hadi miezi kurudi, vumilia.

Mdau wa Majengo: Duka la dawa wamenipa krimu ya mchanganyiko wa dawa tatu, muwasho umekata chap.
Jibu: Ndo shida yenyewe, nyingi zina steroidi, inazima muwasho huku fangasi anashiba, na ngozi inakua nyembamba. Acha.

Mdau wa Sakina: Chalii wangu analala na mbwa, ataambukizwa?
Jibu: Mtoto mwenye afya ni nadra. Ila Marekani iliripotiwa 1998, fangasi wa mbwa walifika kwa vichanga njiti wodini kupitia mikono ya wahudumu, kwahiyo kama nyumbani kuna kichanga nawa kwanza ukishamshika mbwa.