Kufufua maiki ya zamani ya harmonika: elementi, raba, na ule muungurumo usioisha

Nimemaliza kumsaidia mshkaji wangu hapa Chicago na maiki yake, moja ya zile za umbo la risasi zinazojaa kiganja ambazo wapiga harmonika wa blues wanazipenda, na kwa kuwa maswali ni yaleyale kila mara, bora niandike yote hapa nikiwa bado nakumbuka kipi kilitusumbua.

Kwa asiyejua, maiki hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Zilikuwa za matangazo, za redio za mawasiliano, za ofisi za kuita teksi. Baada ya Vita Kuu ya Pili wapiga harmonika wa huku, akina Little Walter waliokuwa wakipiga hadi barabarani pale Maxwell Street, walikuwa wanazidiwa na gitaa za umeme, basi wakawa wanaibana maiki ya bei rahisi pamoja na harmonika katikati ya viganja viwili, wanachomeka kwenye amplifaya na kuipandisha mpaka sauti inachafuka. Ule uchafu ndio tunaoutafuta. Mtu akikuambia anataka JT-30 yake, moja ya maiki hizi, itoe sauti safi, mwambie akanunue maiki ya kuimbia, atatumia hela kidogo na atafurahi zaidi.

Hatua ya 1: jua una nini mkononi

Utakutana na familia mbili hasa. Ya kwanza ni Astatic JT-30, na ndugu yake Hohner Blues Blaster ambayo ni JT-30 iliyobandikwa jina lingine. Ya pili ni Shure 520, ndiyo Green Bullet, iliyotoka 1949. Zipo na nyingine, Turner na kadhalika, lakini ukizielewa hizi mbili, zilizobaki utaziweza.

Tofauti iko ndani, kwenye elementi, yaani moyo wa maiki unaogeuza sauti kuwa umeme. JT-30 za zamani zina elementi ya kristali, yaani kipande cha chumvi ya Rochelle kinachotoa umeme kidogo sana kikipindwa na sauti. Green Bullet ya zamani ina elementi ya sumaku na koili, ambayo Shure waliiandika Controlled Reluctance au Controlled Magnetic kwenye lebo yake, wapigaji wanafupisha tu CR na CM. Halafu kuna 520DX, hii ya sasa yenye kitufe cha volyumu, kwa nje zinafanana ila ndani ni elementi nyingine kabisa ya dainamiki. Ni maiki inayofanya kazi, sina ugomvi nayo, ila usilipe bei ya mzee kwa ajili ya kijana.

Msimamo wangu ni huu: kristali ina sauti tamu, kali kwa juu, inang'ata, lakini ni chumvi. Joto likipita nyuzi 50 na kitu inaharibika, unyevu ukiingia inalainika inakufa. Usiiache kwenye gari wakati wa kiangazi. Na ndugu zangu wa Tanga, Mombasa na Unguja, msinunue JT-30 ya kristali kabisa, ule unyevu wa pwani utaimaliza hata ikikaa kabatini. Nunueni CM, au nunueni ganda la JT-30 ambalo elementi yake imeshakufa, linauzwa rahisi, mpachike CM humo ndani. Hiyo ndiyo maiki ninayopigia mimi na sioni nitabadilisha kwa lipi.

Hatua ya 2: fungua

Skrubu, bisibisi, kava ya mbele inatoka. Usilazimishe, haya maganda mengi ni ya zinki ya kumimina, yakipasuka hayalehemiki. Piga picha ya nyaya kabla hujakata chochote.

Hatua ya 3: pima elementi kabla hujatumia hata senti

Hapa wengi wanaenda kinyume, wanaanza na rangi nzuri halafu mwisho wanagundua moyo umekufa. Elementi hizi hazifunguliwi zikatengenezwa, ikifa imekufa, kwa hiyo ijulikane mapema.

CM: weka mita ya umeme kwenye ohm, gusa miguu miwili ya nyuma. Inatakiwa isome kwenye elfu moja hivi, ikizidi au kupungua kidogo usijali. Isiposoma kitu, koili imekatika. Kristali ni kinyume chake, mita isisome kitu, ukiona inasoma maana yake chumvi imeshaingia maji na umeme unavuja.

Lakini mita haijui sauti. Chukua nyaya mbili zenye klipu, unganisha elementi moja kwa moja kwenye kebo ya amplifaya, volyumu chini, kisha piga noti mbili tatu karibu nayo. CM nzima inatoka na nguvu, unaweza kushtuka. Ukisikia kama mtu anaongea chumba cha pili, imechoka.

Kitu kimoja ambacho sioni watu wakikisema: CM ina sumaku. Ukiiweka kwenye meza uliyopigia tupa au drili, vumbi la chuma litaifuata, na ukiitazama na tochi utaona vinywele vyeusi vimesimama kwenye vitundu vya mbele, vinagusa mpaka kwenye karatasi ya alumini laini iliyo ndani. Vitoe kwa gundi ya selotepu, gusa na kuinua, usipulize kwa kompresa hata siku moja. Elementi ikishatoka kwenye ganda iweke kwenye mfuko wa plastiki, funga, peleka chumba kingine mpaka kazi ya chuma iishe.

Hatua ya 4: raba

Elementi haikai hewani, inashikwa na raba ya mviringo pembeni. Ya zamani utaikuta imekauka inavunjika, au imegeuka kama lami inanata vidoleni. Itupe yote, kwangua mabaki kwa kijiti cha mbao na si kwa bisibisi.

Kazi ya raba si kushikilia tu. Inazuia hewa isipite kutoka mbele ya elementi kwenda nyuma. Ikivuja, noti za chini zinakimbia, sauti inakuwa nyembamba, na mtu anaanza kulaumu elementi wakati haina kosa. Raba mpya za kukata tayari zinauzwa, nunua kama unaweza kwa sababu ya JT-30 na ya CM hazilingani. Usipopata, vipande vya tyubu ya baiskeli vinafaa, ongeza tabaka moja moja mpaka elementi ikae kwa kubana bila kusukumwa kwa nguvu. Ukimaliza, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu nyuma ya elementi na utazame kwa mbele. Panapopita mwanga ndipo panapopita hewa.

Silikoni ya bomba marufuku. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inayokula chuma, na siku ukitaka kuitoa elementi utaing'oa vipande.

Hatua ya 5: nyaya, na muungurumo

Kulehemu nadhani unajua. Kama hujui, jifunzie kwenye redio mbovu kwanza. Angalizo tu, bana mguu wa elementi kwa koleo ndogo kati ya pasi ya kulehemu na elementi ili joto liishie kwenye koleo, gusa haraka uondoke. Kwa kristali usilehemu mguuni kabisa, tumia vibanio vya kuchomeka, kwa sababu chumvi iko pale pale nyuma ya mguu.

Sasa ethi. Maiki za namna hii ni za impidansi kubwa, zinaokota kila takataka ya umeme iliyo chumbani, kwa hiyo vitu vitatu lazima vikutane sehemu moja: ile shildi ya kebo (wavu wa chuma unaozunguka waya wa ndani), mguu mmoja wa elementi, na ganda la maiki lenyewe. Watu wanakumbuka viwili vya kwanza, wanasahau ganda, wakidhani kwa kuwa elementi imo ndani ya chuma basi imeshagusa. Haijagusa. Umeizungushia raba!

Mguu upi uende ethi? Weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye kopo la chuma la elementi, nyingine mguuni. Mguu unaolia ndio wa ethi. Kama hakuna unaolia, chagua wowote, sikio halitajua tofauti.

Maiki ya huyu mshkaji ilikuwa ina haya yote, nyaya safi kabisa, na bado inanguruma. Alikuwa ameshabadilisha kebo, akabadilisha valvu za amplifaya (zile taa za kioo zinazokuza sauti), akapeleka amplifaya kwa fundi ikarudi ikiwa nzima, bili juu. Na muungurumo wenyewe ulikuwa wa kuja na kuondoka, saa nyingine anapiga wimbo mzima kimya, akigeuza mkono tu inaanza tena mmmmm. Tumekaa nayo jioni nzima tunachokonoa lehemu moja baada ya nyingine, zote nzuri. Mwisho nikaacha kuangalia nyaya nikapima ganda lenyewe, ncha moja kwenye shingo ya jeki (tundu la kuchomekea kebo), nyingine kwenye chuma kitupu ndani ya ganda. Hakuna kitu. Nikasukuma jeki kwa kidole gumba, ikasoma sifuri. Nikaachia, ikapotea.

Kumbe maiki ilikuwa imepakwa rangi ya unga, ile ya kuokwa, nzuri mno, na mpakaji alipaka mpaka ndani ya tundu la jeki. Nati na washa vimekaa juu ya rangi. Rangi ni plastiki, haipitishi umeme. Ganda lilikuwa linaelea, linapata ethi pale tu jeki ikilala upande wenye mkwaruzo.

Kwa hiyo sasa mimi siiamini jeki tena kwa kazi hii. Nafanya hivi: natafuta skrubu yoyote ya ndani, nakwangua rangi chini yake mpaka chuma king'ae, naweka kichwa cha waya cha mviringo na washa yenye meno, nakaza, halafu waya huo naulehemu moja kwa moja kwenye mguu wa ethi wa jeki. Jeki ilegee isilegee, ganda lina ethi. Kisha napima mara mbili. Shingo ya jeki hadi kwenye ganda, sifuri. Ncha ya jeki hadi kwenye ganda, kwa CM isome ile elfu moja yako. Ikisoma sifuri hapo, kuna waya umegusana na maiki itakuwa bubu.

Bila mita, sikiliza kwa mkono. Ukishika ganda muungurumo ukapungua au usibadilike, ethi ipo, tafuta kwingine. Ukishika ukaongezeka, ganda linaelea. Ukishika ikapiga kelele ya kukutoa mbio, umegeuza nyaya, ule wa sauti ndio uko kwenye ganda.

Na kama yote ni sawa bado kuna kelele kidogo, geuka. Kweli, geuka na mwili wako. CM ina koili, na koili inasikia transfoma ya amplifaya, taa zenye dima, adapta za chaja. Sogea mita mbili, geukia upande mwingine, mara nyingi inakata. Kristali haina tatizo hilo, hapo naikubali.

Jambo la usalama, na hapa sitanii: mdomo wako unagusa chuma kilichounganishwa na amplifaya. Amplifaya ya zamani ya valvu yenye plagi ya pini mbili isiyo na ethi inaweza kukupiga, hasa ukiwa umeshika na maiki ya kuimbia iliyounganishwa kwenye mtambo mwingine. Peleka kwa fundi aweke waya wa pini tatu kabla hujapiga hata noti moja. Usiifungue mwenyewe, kapasita zake zinashika umeme hata ikiwa imechomolewa.

Hatua ya 6: volyumu

Inasaidia sana jukwaani, fidibaki (ule mlio mkali maiki inapoisikia spika yake) ikianza unashusha kwa kidole bila kukimbilia amplifaya. Kwa CM weka ya kilo-ohm 250, kwa kristali mega-ohm 5, ukiweka ndogo kwenye kristali besi yote inaondoka. Mguu wa pembeni upokee waya wa elementi, wa kati uende jeki, wa pembeni wa pili ethi.

Ila ganda kama ni la asili na zima, usilitoboe. Kuna volyumu za kufunga kwenye kebo, nunua hiyo. Maganda ya kutoboa ni yale yaliyokwisha kuharibiwa na wengine. Konekta za zamani za kufunga kwa kuzungusha kama skrubu, zile za inchi 5/8, ziache kama zipo, kuna adapta ya kupeleka kwenye jeki ya robo inchi. Hazichomoki kwa bahati mbaya mtu akikanyaga kebo.

Hatua ya 7: rangi

Ukitaka. Msasa upigwe na maji, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, usivute vumbi lake. Rangi ya gari inatosha. Kama ni ya kuokwa, ganda liende tupu kabisa na umwambie mpakaji azibe tundu la jeki na sehemu za skrubu. Sababu umeisoma hapo juu.

Hatua ya 8: kwenye amplifaya

Usiichomeke moja kwa moja kwenye miksa kwa kebo ya maiki ya kawaida, haitatoa kitu cha maana. Hii ni ya kuingia kwenye tundu la gitaa. Kebo isizidi mita 6 hivi, ikirefuka inakula sauti za juu. Amplifaya ndogo ya valvu ndiyo bora, na kama inapiga fidibaki mapema, toa valvu ya kwanza ya 12AX7 uweke 12AY7. Geini, yaani kiasi cha kukuza sauti, inashuka kutoka 100 hadi kwenye 45, na utaweza kupandisha volyumu mpaka valvu za mwisho zianze kuchafuka, ambako ndiko utamu uliko. Trebo shusha, besi panda, simama pembeni ya spika na siyo mbele yake. Ukumbi ukiwa mkubwa usinunue amplifaya kubwa, weka maiki ya kuimbia mbele ya spika ya hiyo ndogo uwaachie watu wa mtambo wapandishe wao.