Jinsi ya kufanya saa na mkanda wa kifuani vitengeneze ufunguo wa siri vyenyewe

Vifaa vingi vya kuvaa havina kibodi, sasa paswedi utaandikia wapi? Na kuweka ufunguo mmoja kwa vifaa vyote kutoka kiwandani ni hatari tupu, kimoja kikihakiwa vyote vimekwisha. Kuna njia nzuri ya kutumia mawimbi ya redio yenyewe.

Saa itume paketi (kifurushi kidogo cha data), mkanda upime nguvu ya signali halafu ujibu hapohapo, na saa nayo ipime. Kwa kuwa mawimbi yanapita njia ileile kwenda na kurudi, vipimo vinafanana sana, ila jibu lisichelewe, liwe ndani ya milisekunde chache maana mwili ukishasogea njia imebadilika. Mtu anayesikiliza pembeni anapata vipimo vyake vingine: kwenye 2.4 GHz wimbi lina urefu wa kama sentimita 12.5, na mahali ambapo mawimbi yanadunda sana kwenye kuta na vitu ukikaa mbali zaidi ya nusu ya hapo signali yako huwa tofauti na yao.

Hapa ndo wengi wanaharibu, wanajaribu mtu akiwa amekaa kwenye kiti! Signali haibadiliki, unachokusanya ni kelele tu ambazo kila kifaa kina zake, kwa hiyo biti (zile 0 na 1 za kutengenezea ufunguo) hazilingani na siri hamna. Mwambie atembee, arushe mikono, ageuke geuke.

Ukishapata vipimo toa wastani, kilicho juu sana kiwe 1, cha chini sana 0, cha katikati kitupe. Vifaa viambiane namba za mfuatano za vipimo vilivyobaki (cha ngapi na cha ngapi), thamani zenyewe kamwe.

Biti chache bado zitatofautiana, basi zigawe mafungu mlinganishe pariti (yaani idadi ya 1 kwenye fungu ni shufwa au witiri) mpaka zikae sawa, lakini kila pariti iliyopita hewani imeshamvujishia msikilizaji kitu, ipunguze kwenye hesabu ya biti za siri. Mwisho pitisha zote kwenye SHA-256 (aina ya heshi, yaani hesabu inayosaga data kuwa biti 256) uchukue biti 128, huo ndo ufunguo. Heshi haiongezi siri ambayo haikuwepo, kwa hiyo kusanya biti nyingi kuliko unazohitaji.

Kuhakikisha, saa itume namba ya kubahatisha, mkanda urudishe HMAC yake, yaani muhuri unaokokotolewa kwa namba hiyo pamoja na ufunguo. Ila hii yote inamzuia msikilizaji tu, anayeweza kutuma paketi za uongo katikati bado ni tatizo, so ongeza uthibitisho mwingine, mfano kubonyeza kitufe pande zote mbili kwa pamoja.