Somo: Kufanya dashibodi isomeke usiku kwa dereva mwenye umri mkubwa

Baba yangu ana miaka 71 na bado anaendesha Corolla 110 yake. Alikuwa ameanza kukwepa safari za usiku. Nilipomuuliza, akasema mshale wa spidi hauoni mpaka ainamie usukani. Dereva anayeinamia usukani ameshaacha kuangalia barabara, na hilo lilininyima usingizi.

Gizani, jicho la mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Mboni haipanuki kama zamani, na lenzi inakuwa na unjano unaozuia hasa rangi ya bluu. Kwa hiyo zile balbu za LED za bluu zinazopendwa na vijana, kwa mzee ndizo mbaya kuliko zote.

Hatua ya 1. Usiku, washa taa za paking, utafute kidude cha kurekebishia mwanga. Mara nyingi ni kigurudumu kidogo karibu na usukani. Kwenye magari mengine ni kile kijiti cha kufutia kilomita za safari. Nimekuta magari yaliyopunguzwa mwanga miaka mingi na mwenyewe hana habari.

Hatua ya 2. Futa plastiki ya mbele ya geji kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo. Petroli na thina zinaipa ukungu usiotoka.

Hatua ya 3. Kama bado ni hafifu, badilisha balbu. Chomoa terminali ya negativu ya betri, na kama gari lina mifuko ya hewa, subiri dakika kadhaa. Toa fremu, kisha skrubu za geji. Ivute taratibu, piga picha ya nyuma kwa simu, halafu bonyeza ulimi wa soketi, usivute waya. Vishikio vya balbu hutoka kwa kuzungusha robo mzunguko. Balbu za kuangazia kwa kawaida ni saizi ya T10, zile ndogo za taa za tahadhari ni T5, lakini nenda dukani na ya zamani mkononi. Balbu iliyochoka utaijua: kioo chake kimekuwa cheusi.

Baba nilimwekea balbu za kawaida mpya zenye mwanga wa njano. Ukitaka LED, chukua nyeupe yenye unjano kidogo (warm white) inayosambaza mwanga pembeni, la sivyo utapata madoadoa.

Hatua ya 4. Kabla ya kufunga skrubu, rudisha betri na ujaribu. LED isiyowaka igeuze, ina upande wake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo fundi. Nimeweka LED kila mahali, sasa gari halichaji. Kuna uhusiano?*
Marahaba. Upo. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wa kuiamsha alternata (mashine inayochaji betri) hupitia balbu ya taa ya betri. LED inapitisha umeme mdogo mno. Hiyo moja irudishie balbu ya kawaida.

*Dashibodi yote imezima ghafla. Ni balbu?*
Zote haziungui kwa pamoja. Zunguka nyuma ya gari: kama na taa ndogo za nyuma zimezima, tafuta fyuzi iliyoandikwa TAIL. Usitembee hivyo usiku, lori litakuvamia.

*Mimi nina miaka 68. Mwanga upo wa kutosha ila namba zina ukungu, hata nikivaa miwani ya kusomea.*
Shikamoo mzee wangu. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Dashibodi iko mbali zaidi. Kaa kwenye kiti chako, mtu akupimie kutoka jichoni hadi kwenye geji, kipimo hicho umpelekee mtaalamu wa miwani. Na kama taa za magari yanayokuja zinakutawanyikia machoni, mwombe daktari akuangalie mtoto wa jicho kabla ya kununua balbu yoyote.

*Niongeze mwanga mpaka mwisho?*
Hapana. Dashibodi kali inakupofusha barabara yenye giza na inaakisi kwenye kioo cha mbele. Ongeza mpaka namba zisomeke kwa kutupa jicho mara moja, uishie hapo.