Osaka Siku ya Mvua: Kutembea Kutwa Chini ya Paa

Kuanzia Juni hadi katikati ya Julai Osaka inakuwa kwenye tsuyu, msimu wa mvua usiojali kwamba umekuja kwa treni kutoka Nagoya na una Jumamosi moja tu. Mara nyingi hunyesha polepole kutwa nzima, na joto juu yake. Usiahirishe safari. Kasri la Osaka na picha za Dotonbori, mtaa wa mabango ya taa, viwekee siku ya jua, kwa sababu sehemu kubwa ya mji huu imeezekwa.

Kwanza mwavuli. Ile ya plastiki angavu inauzwa kila konbini, yaani duka dogo la mahitaji ya kila siku, na kwa kawaida haifiki yen 1,000. Tatizo ni kwamba yote inafanana: unauacha mlangoni, ukitoka unakuta mingi kama wako na hujui uchukue upi. Funga kitambaa kwenye mpini. Wangu una pindo la kanga kuukuu, na mpaka leo hakuna aliyeukosea. Pengine utakuta vifuko vya nailoni mlangoni. Chomeka mwavuli humo kabla ya kuingia. Ukidondosha maji sakafuni hutagombezwa, ila mhudumu atakufuata na tambara, akikuomba radhi yeye. Heri kugombezwa. Beba pia soksi za akiba, maana kuna sehemu utavua viatu, na residence card yako, yaani kitambulisho cha mgeni anayeishi Japani, iwe ndani ya kifuko kisichopitisha maji. Kwa sheria ya Japani lazima uwe nayo popote uendapo.

Wengi mvua ikianza hukimbilia Kaiyukan, akwario maarufu iliyoko bandarini. Ni pazuri, lakini Jumamosi ya mvua kila familia ina wazo hilohilo, na tiketi si rahisi. Anayetoka Mafia, ambako papa potwe huogelea karibu na Kilindoni, atajiuliza kwa nini apange foleni kumtazama kwenye kioo.

Mimi ningeanza Suita, kaskazini mwa jiji, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Ethnolojia, yanayojulikana kama Minpaku. Yako ndani ya bustani ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na yalifunguliwa 1977. Mkurugenzi wake wa kwanza, Umesao Tadao, alifanya utafiti Tanzania miaka ya 1960, kwa Wadatoga wa upande wa Ziwa Eyasi. Ukumbi wa Afrika upo, na inafurahisha kusimama na mwenzako Mjapani ukamweleza kitu ambacho nyumbani kwenu bado kinatumika. Jumatano hufungwa. Kutoka kituo cha monoreli cha Banpaku-kinen-koen unatembea kidogo kwenye uwazi. Hapo ndipo utakapolowa.

Kurudi, panda monoreli hadi Yamada, kisha treni ya Hankyu inayoelekea Tenjinbashisuji 6-chome. Usitoke kituoni kwanza. Jengo lililoungana nacho lina Makumbusho ya Makazi, na humo ghorofani wamejenga mtaa mzima wa Osaka ya miaka ya 1830: maduka, vichochoro, nguo zimeanikwa. Taa hubadilika, kukawa mchana, jioni, usiku. Wapo wageni wanaokodi kimono na kuzunguka nayo humo. Jumanne pamefungwa.

Ukishuka, unaingia moja kwa moja kwenye Tenjinbashisuji, mtaa wa maduka wenye paa unaokwenda takriban kilomita 2.6, na maduka yapata 600. Hapa usiwe na haraka. Kuna visu vya jikoni, mitumba ya kimono, majani ya chai, viatu vya bei nafuu, na takoyaki, yaani vipande vya pweza ndani ya unga, vya moto kiasi cha kuunguza ulimi. Kwa asiyekula nguruwe, uliza kabla ya kununua: “Butaniku haitte imasu ka?” Korokke nyingi, yaani viazi vilivyopondwa na kukaangwa, zina nyama au mafuta yake. Anayetaka kuswali na kula halali kwa utulivu aende Osaka Masjid, Nishiyodogawa, karibu na kituo cha Chibune.

Ukimalizia Umeda, jua kwamba kule chini ya ardhi ramani ya simu huchanganyikiwa. Vituo vya Osaka, Umeda, Higashi-Umeda na Nishi-Umeda vyote viko eneo moja, kila kimoja na njia zake. Mkipanga kukutana, taja kampuni ya treni na namba ya mlango, si “Umeda” tu.

Haya yote ni kwa mvua ya kawaida. Kimbunga, hasa Agosti hadi Oktoba, ni habari nyingine: kampuni za reli hutangaza mapema saa zitakazosimamisha treni, na zikisema saa nane mchana ni saa nane kweli. Ukisikia tangazo hilo, rudi asubuhi hiyohiyo au lipia usiku mwingine hotelini.