Namna ya kuitazama "Gli uomini, che mascalzoni!" bila kusinzia

Mara ya kwanza nililala kabla ya wimbo. Usinifuate.

Filamu hii ya Kiitaliano ni ya 1932, mwongozaji wake Mario Camerini, kwa hiyo sauti inakwaruza: vaa hedifoni, zima taa. Tafuta nakala yenye tafsiri chini, maana Kiitaliano chao kinakimbia.

Mwanzoni usihangaike na hadithi, tazama mitaa. Ni Milano yenyewe, wakati filamu nyingi za siku hizo zilijifungia studio. Bruno anaifukuza tramu kwa baiskeli, Mariuccia, muuza manukato, yumo ndani. Bruno anaigizwa na Vittorio De Sica, bado kijana, kabla hajawa mwongozaji mashuhuri.

Kisha Bruno anachukua gari la bosi, anajifanya tajiri, anampeleka binti ziwani. Hapo weka simu mbali! Wanacheza dansi, naye anamwimbia "Parlami d'amore Mariù" karibu na sikio, taratibu, kama anayeomba radhi mapema. Mimi hurudisha nyuma mara mbili.

Baba yake Mariuccia ni dereva wa teksi. Mkumbuke huyo mzee, mwisho utamhitaji.